Piano ya umeme isikike kama ya mbao, masikio ya mtoto yabaki salama

Moshi. Mama aliita mara tatu kutoka jikoni. Mtori ulikuwa umeshapakuliwa na binti mdogo ameshanawa mikono, lakini kaka yake mwenye miaka 11 hakuitika.

Alipokwenda kumwangalia alimkuta ameinamia piano ya umeme, hedifoni masikioni, akibonyeza kwa nguvu hadi meza inatikisika. Kilichomshtua zaidi ni kwamba akiwa amesimama mlangoni, hatua nne nyuma ya mtoto, aliusikia wimbo wote ukivuja kutoka kwenye zile hedifoni.

Asubuhi yake, akiwa anavaa sare, kijana alimwambia mama kwamba masikio yake yanalia kama nyenje. Hakulalamika sana. Alidhani ni kawaida, kwa sababu haikuwa mara ya kwanza.

Familia hii inaishi Soweto, mjini Moshi, na piano hiyo waliinunua mtumba mwanzoni mwa mwaka. Sababu ya kuinunua ni moja: mtoto alichaguliwa kuwapigia wenzake wa Shule ya Jumapili siku ya Sikukuu ya Mikaeli na Watoto, ambayo makanisa ya KKKT huiadhimisha mwishoni mwa Septemba. Kanisani kuna piano ya mbao, ya zamani, iliyosimama ukutani. Anaigusa Jumamosi tu, siku ya mazoezi. Siku nyingine zote anafanyia mazoezi ya umeme nyumbani.

Tatizo likaanzia hapo. Wimbo uliotoka vizuri nyumbani ulimkatalia kanisani. Alipobonyeza kama alivyozoea, piano ya mbao ilipiga kelele. Alipojaribu kupunguza nguvu, baadhi ya sauti hazikutoka kabisa. Akarudi nyumbani akiwa na neno moja tu kuhusu piano yake: inasikika kama simu ya kuchezea watoto. Ili isikike kama ya kanisani, akawa anaongeza sauti. Wiki baada ya wiki, akaongeza tena.

Ni hatua ambayo mtoto yeyote angeichukua. Lakini kinachoifanya piano ya umeme isikike kama ya mbao si ukubwa wa sauti, na mtoto anayetafuta uhalisi kwa kuongeza sauti analipia kwa masikio yake.

Ndani ya piano ya mbao kuna nini

Ili mzazi ajue arekebishe nini, inafaa kwanza aelewe kile ambacho piano ya umeme inajaribu kukiiga.

Piano ya mbao ina funguo 88, yaani 52 nyeupe na 36 nyeusi. Ukibonyeza ufunguo mmoja, nyundo ndogo iliyofunikwa kwa sufu iliyoshindiliwa hurushwa kuelekea kwenye nyuzi za chuma na kuzigonga, kisha hurudi nyuma haraka ili nyuzi zitetemeke. Sauti nyingi za katikati na za juu zina nyuzi tatu kila moja, ndiyo maana piano moja huwa na nyuzi zaidi ya 200. Mtetemo wake hupokewa na ubao mpana ulioko nyuma au chini, na ubao huo ndio unaoijaza nyumba sauti.

Fundi wa Italia, Bartolomeo Cristofori wa mjini Florence, ndiye anayetajwa kuwa aliunda piano ya kwanza karibu mwaka 1700. Ala za funguo zilizopendwa wakati ule zilidonoa nyuzi, na mpigaji hata angebonyeza kwa nguvu kiasi gani sauti ilibaki karibu ileile. Nyundo za Cristofori zilitii kidole: gusa taratibu isikike taratibu, gonga kwa nguvu isikike kwa nguvu. Hata jina piano ni kifupi cha maneno ya Kiitaliano yenye maana ya taratibu na kwa nguvu.

Piano ya umeme haina nyuzi. Ndani yake kuna kumbukumbu ya sauti zilizorekodiwa kutoka kwenye piano halisi, na chini ya kila ufunguo kuna vihisio vinavyopima kasi ya kidole. Kompyuta ndogo iliyomo inachukua kasi hiyo na kuamua itoe sauti gani. Uamuzi huo ndio mzazi anaoweza kuubadilisha kwenye mipangilio, na watu wengi hawajui kama upo.

Mpangilio wa mguso

Aliyegundua tatizo la kijana wa Soweto ni mwalimu wake wa kwaya, aliyepitia nyumbani jioni moja kusalimia. Alikaa kwenye piano, akagusa ufunguo mmoja taratibu kisha akaugonga. Sauti ilikuwa ileile. Mmiliki wa kwanza, huko ilikotoka, alikuwa ameuzima mguso.

Karibu kila piano ya umeme ina mpangilio huu, mara nyingi ukiandikwa Touch. Ukizimwa, au ukiwekwa kwenye kiwango kisichobadilika, funguo zote hutoa sauti moja bila kujali nguvu ya kidole. Kwa mpiga kinanda wa bendi anayetaka sauti ya ogani hilo si tatizo, lakini kwa mtoto anayejifunza piano ni hasara kubwa. Atapiga miezi sita bila vidole vyake kujifunza tofauti ya kunong'ona na kusema.

Kipimo chake hakihitaji utaalamu. Mtoto apige ufunguo mmoja wa katikati mara tatu: kwanza taratibu iwezekanavyo, pili kwa kawaida, tatu kwa nguvu. Zisikike sauti tatu tofauti, na si kwa ukubwa tu. Ile ya taratibu iwe na ulaini wa mviringo, ile ya nguvu iwe na ukali kidogo, kama chuma kinavyosikika kikigongwa. Kama zote zinafanana, mguso umezimwa. Kama analazimika kupiga kwa bega ndipo asikie kitu, mpangilio ni mzito mno kwake. Kama mguso mdogo tu unapiga kelele, ni mwepesi mno.

Majina ya viwango hivi huchanganya. Kwenye baadhi ya piano, zikiwemo za Yamaha, kiwango kinachotafsirika kama laini si kile kinachotoa sauti laini. Ni kile kinachotoa sauti kubwa hata kwa mguso mwepesi. Kile kigumu ndicho kinachomdai mtoto nguvu. Dawa ni kupuuza majina na kutumia kipimo cha mara tatu.

Kwa wengi, kiwango cha kati ndicho kilicho karibu zaidi na piano ya mbao. Kwa mtoto mdogo mwenye vidole vyepesi, baadhi ya walimu huanza na chepesi kisha kusogea kati anapopata nguvu. Muhimu ni kwamba mtoto asibaki mahali ambapo njia pekee ya kusikia anachopiga ni kuongeza sauti.

Kuna piano zinazokumbuka mpangilio hata zikizimwa, na nyingine husahau kila umeme unapokatika, jambo ambalo mtu wa Moshi halihitaji kuelezewa. Mtoto afundishwe kulikagua hilo mwenyewe kila anapokaa.

Hapa inabidi kusema ukweli mmoja usiofurahisha. Vile vinanda vyepesi vya funguo 61, vya plastiki, vinavyorudi juu kwa springi kama swichi, havina uzito wa nyundo ndani yake. Hakuna mpangilio utakaovifanya vihisi kama piano. Vinafaa kujifunzia noti na kuongozea wimbo, na mzazi aliyenacho hajapoteza hela yake, ila asimlaumu mtoto akichanganyikiwa kanisani.

Ondoa kwanza, ndipo uongeze

Piano ile ya mtumba ilikuwa na mambo mengine matatu yaliyowashwa bila mtu kujua. Sauti ya piano ilikuwa imechanganywa na ya fidla nyingi, mchanganyiko unaopendwa sana makanisani kwa sababu unajaza nafasi. Kitufe cha kuhamisha ufunguo kilikuwa kimesogezwa hatua mbili juu. Na mwangwi ulikuwa umewekwa wa ukumbi mkubwa.

Kitufe cha kuhamisha ufunguo, wapiga vinanda wengi hukiita transipozi, kinastahili neno. Kinamwezesha mtu anayejua ufunguo mmoja tu kupigia kwaya yoyote, na kwa kweli kimeokoa ibada nyingi. Lakini piano ya mbao haina kitufe hicho. Mtoto aliyezoea kusikia sauti ya re anapobonyeza do atapotea siku akikaa kwenye ile ya mbao, hasa kwa wanaoimba kwa sol-fa, kama zilivyo kwaya nyingi hapa nchini. Kiwekwe sifuri, na kibaki hapo. Kipimo cha jumla cha sauti nacho kiachwe kwenye 440, kiwango cha kawaida cha noti ya la.

Njia rahisi kwa mzazi asiye na muda wa kutafuta kosa moja moja ni kuirudisha piano kwenye hali yake ya kiwandani. Namna ya kufanya hivyo hutofautiana, na kitabu cha maelekezo cha karibu kila aina kinapatikana bure kwenye tovuti ya kampuni iliyoitengeneza. Kwenye mashine nyingi ndogo hakuna kioo cha kuonyesha chochote. Unashikilia kitufe kimoja huku ukibonyeza ufunguo fulani wa piano, na bila kitabu huwezi kubahatisha.

Baada ya hapo chagua sauti ya kwanza ya piano kubwa, ambayo kwa kawaida ndiyo iliyorekodiwa kwa uangalifu zaidi. Zile zinazoitwa angavu zimekusudiwa kupenya katikati ya gitaa na ngoma. Katika chumba kidogo zinachosha sikio haraka.

Mwangwi wa nyumba za saruji

Mwangwi, ulioandikwa Reverb kwenye vitufe vingi, unaiga nafasi ambamo piano imewekwa: chumba, ukumbi, jukwaa. Vitabu vingi vya maelekezo vinapendekeza uwashwe. Nyumba nyingi za Soweto, kama zilivyo nyingi mijini, zina kuta za saruji, sakafu ya vigae na mapazia mepesi. Chumba chenyewe tayari kina mwangwi wake. Ukiongeza wa ukumbi juu yake, noti zinapandana na mtoto hasikii kama amekosea.

Kwa hiyo anapotumia spika, mwangwi uzimwe au uwekwe wa chumba kidogo. Anapotumia hedifoni ni kinyume chake. Ndani ya hedifoni hakuna chumba, sauti hubaki kavu katikati ya kichwa, na ukavu huo ni mojawapo ya mambo yanayomfanya mtoto aongeze sauti akitafuta utamu. Mwangwi kidogo hapo unasaidia kweli.

Mashine za bei ya juu zina pia mpangilio wa mwitikio wa nyuzi. Katika piano ya mbao, ukikanyaga pedali ya kulia, vizuizi vyote vinanyanyuka na nyuzi zote zinakuwa huru, hivyo noti moja ikipigwa nyingine zinaitikia kwa chinichini. Mtoto anaweza kulithibitisha hilo mwenyewe kanisani: akanyage pedali ya kulia, asogeze mdomo karibu na nyuzi na kuimba aaa kwa sauti moja, kisha anyamaze. Piano itamrudishia sauti yake. Baada ya kusikia hilo, akirudi nyumbani atajua mpangilio huo auweke kiasi gani. Kwa kawaida ni kidogo kuliko watu wanavyodhani.

Kuhusu pedali, kuna hitilafu moja inayopeleka watu kwa fundi bila sababu. Piano nyingi hutambua pedali wakati zinapowashwa. Mtoto akiwasha huku mguu uko juu yake, pedali inafanya kazi kinyume: ukikanyaga sauti inakatika, ukiachia inaendelea. Zima, ondoa mguu, washa tena.

Meza ya chakula haifai

Kwenye piano ya mbao, uso wa funguo nyeupe uko takriban sentimita 73 kutoka sakafuni. Meza ya chakula peke yake ina kama sentimita 75. Ukiweka juu yake piano yenye kimo cha sentimita 15, mtoto anapiga huku mabega yamepanda na viganja vimekunjika. Maumivu ya kiganja na shingo huanza hivyo, na mtoto mwenye mabega yaliyokaza hawezi kupiga taratibu hata akitaka.

Stendi ya chuma inayoshushwa inatatua hilo. Fundi seremala wa mtaani naye anaweza kutengeneza ya mbao kwa vipimo. Kiwiko kiwe usawa wa funguo au juu yake kidogo, na miguu ya mtoto mfupi ipate kitu cha kukanyaga isining'inie.

Mahali pa kuweka piano panabadilisha pia sauti. Nyingi za bei ya kati zina spika zinazoelekea chini au nyuma. Ukiilaza kitandani au juu ya kitambaa kizito, umeziba mdomo wake. Mwalimu wa kwaya alipoitoa piano mezani, juu ya kitambaa kilichofumwa, na kuiweka kwenye viti viwili vya mbao karibu na ukuta, mama alikuwa wa kwanza kusikia tofauti. Na ilikuwa bado kwenye sauti ileile.

Neno moja kwa wanaonunua mtumba: kifaa kilichotengenezwa kwa soko la Japani hutumia umeme wa volti 100, na wa kwetu ni 230. Soma maandishi nyuma ya mashine au kwenye adapta kabla ya kuchomeka. Kosa hilo hufanyika mara moja tu.

Sauti iwe ya mwisho

Baada ya mguso, mwangwi na mahali kuwa sawa, ndipo ukubwa wa sauti upangwe. Watu wengi huanza nao.

Ndani ya sikio kuna seli ndogo zenye vinywele, takriban 15,000 katika kila sikio, zinazogeuza mtetemo kuwa taarifa inayokwenda kwenye ubongo. Sauti kubwa huzichosha. Zikichoka sana, mtu husikia mlio au mvumo hata mahali pakimya, kama ilivyomtokea kijana wa Soweto. Mara nyingi mlio huo huisha baada ya saa kadhaa au usiku mmoja, na ndiyo maana hudharauliwa. Lakini seli zikifa, kwa binadamu haziоti tena, na mlio ni ishara kwamba zimezidiwa.

Shirika la Afya Duniani, WHO, katika ripoti yake ya mwaka 2021 kuhusu usikivu, lilieleza kwamba zaidi ya vijana bilioni moja duniani wenye umri wa miaka 12 hadi 35 wamo hatarini kupoteza usikivu kwa sababu ya namna wanavyosikiliza muziki na sauti nyingine za burudani. Kiwango ambacho shirika hilo na Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano wamekiweka kwa vifaa vya kusikilizia ni desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kwa mtu mzima. Kwa watoto ni desibeli 75 kwa saa hizohizo. Mazungumzo ya kawaida ya watu wawili yako karibu na 60.

Namba hizo haziendi kama wengi wanavyofikiri. Kila zinapoongezeka desibeli tatu tu, muda salama hukatwa nusu. Mtoto akisogea kutoka 75 hadi 78, saa 40 zinakuwa 20. Akifika 81 zinakuwa 10, na akifika 87 zinabaki mbili na nusu kwa wiki nzima. Mtoto anayejiandaa kwa sikukuu anaweza kuzimaliza kwa siku tatu, na bado hajahesabu televisheni na simu.

Piano halisi ikipigwa kwa nguvu inaweza kuvuka desibeli 85 masikioni mwa mpigaji. Kwa hiyo uhalisi una mpaka wake: iga mguso wa piano ya kanisani, iga mwangwi wake, ila ukubwa wake usiuige kwenye hedifoni kwa saa mbili kila jioni.

Namna ya kupanga ni hii. Mzazi avae hedifoni mwenyewe na mtoto apige sehemu yenye nguvu kuliko zote katika wimbo wake. Punguza hadi sehemu hiyo ikusikike imejaa lakini haikukeri. Kisha mvalishe mtoto, simama umbali wa mkono mmoja na umwite kwa sauti ya kawaida wakati anapiga. Asiposikia, punguza tena. WHO inashauri kifaa kisivuke asilimia 60 ya uwezo wake. Ukipata mahali pazuri, weka alama kwa rangi ya kucha pembeni ya kitufe. Kumwambia mtoto asiongeze sauti bila alama ni kumwachia abahatishe, na atabahatisha kuelekea juu.

Saa ambazo nyumba haina usingizi wala wageni, apige kwa spika. Hedifoni zibaki za usiku na za nyumba za kupanga zenye jirani ukutani. Zinazofunika sikio lote ni bora kuliko zile ndogo za kuchomeka ndani, kwa sababu zinazuia kelele za nje na mtoto hashindani nazo. Mvua ya masika ikipiga bati hakuna anayesikia chochote, na wakati huo ndipo watoto huongeza sauti bila kukumbuka kuirudisha. Siku kama hiyo mazoezi yasubiri, au apige na piano imezimwa, vidole vipate mazoezi yake.

Hedifoni zisizo na waya ziepukwe kwa piano. Sauti yake huchelewa kidogo baada ya kidole. Kwa kusikiliza redio huwezi kuhisi, lakini mpigaji anahisi, na mtoto akidhani ufunguo haujashika huugonga kwa nguvu zaidi.

Lini umpeleke hospitali

Mlio wa masikio ukidumu zaidi ya siku moja au mbili, mtoto akiongeza televisheni kuliko wenzake, akiuliza mara kwa mara umesema nini, au mwalimu wa darasa akisema siku hizi hasikilizi, usikivu wake upimwe. Wakazi wa Moshi wana idara ya masikio, pua na koo katika Hospitali ya KCMC. Usikivu ukipotea ghafla katika sikio moja au yote, hiyo ni dharura na isingoje wiki ijayo, kwa sababu matibabu yake hufaa zaidi yakianza mapema.

Mafuta ya moto, maji ya kitunguu na njiti za pamba visiingizwe sikioni. Havigusi kabisa mahali palipochoka, na vinaweza kuongeza jeraha lingine.

Kijana wa Soweto alipelekwa kupimwa. Mlio wake ulikuwa umeshaisha na vipimo vilikuwa vizuri, ila mama aliambiwa wazi kwamba kipimo cha leo hakimkingi na kesho. Alirudi nyumbani akapekua begi la binti yake mkubwa, akatoa rangi ya kucha nyekundu na kuchora mstari pembeni ya kitufe cha sauti, chini kidogo ya nusu.

Siku za kwanza mtoto alisema piano imekufa. Mwalimu alimwambia apige wimbo wote kwa mguso wa taratibu tu, kwa wiki nzima, asiruhusiwe kugonga. Siku ya nne akaacha kulalamika. Jumamosi alipokaa kwenye ile ya mbao, ubeti wa kwanza ulitoka chinichini, watoto wakaweza kuimba juu yake bila kupiga kelele. Ubeti wa tatu bado unamshinda, kuna mahali kidole cha nne kinachelewa.

Jumatatu jioni alikuwa anaurudia ubeti huohuo, hedifoni masikioni, mlango wazi. Mama aliita kutoka jikoni. Aliitika naam, akapiga mstari mmoja wa mwisho, akaja kula.